718 Cayman S yenye turbo au 981 iliyoitangulia: namna ya kuziendesha kabla ya kulipa

Msomaji anauliza: Nimepata Porsche Cayman S mbili zilizotumika, zote za gia ya mkono. Moja ni 981 ya mwaka 2014 yenye silinda sita, nyingine ni 718 ya mwaka 2017 yenye silinda nne na turbo. Wauzaji wote wawili wamekubali niziendeshe. Niliijaribu 718 kwa dakika kumi nikaona ina nguvu kuliko nilivyotarajia, ila mlio haukunivutia. 981 nayo nilipoizungusha mtaani niliiona ya kawaida tu. Je, niamini nilichohisi?

Jibu: Usiamini bado. Dakika kumi za mtaani zinatosha kukuonyesha sifa kubwa ya 718 na kasoro yake kubwa, lakini kuhusu 981 hazikuonyeshi karibu chochote. Ukiamua kwa kipimo hicho utakuwa umelilinganisha gari moja likiwa kazini na jingine likiwa bado limelala.

Anza na namba za kiwandani. Injini ya 981 Cayman S ina ujazo wa cc 3,436 na inavuta hewa yenyewe, bila turbo. Inatoa nguvu za farasi 325 ikifika mizunguko 7,400 kwa dakika, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 370 kati ya mizunguko 4,500 na 5,800. Ya 718 Cayman S ina cc 2,497, nguvu za farasi 350 kwenye mizunguko 6,500, na torki ya Nm 420 kuanzia mizunguko 1,900 hadi 4,500. Watu wengi husoma 350 dhidi ya 325 na 420 dhidi ya 370 wakaishia hapo. Cha kutazama ni ile 4,500: mizunguko ambayo torki kubwa ya 718 inaishia ndiyo ambayo ya 981 inaanzia. Kila gari linafanya kazi yake bora katika nusu tofauti ya mita ya mizunguko.

Sasa weka gia juu ya hesabu hiyo. Gia za Cayman hizi za mkono ni ndefu. Kwa matairi ya kawaida ya inchi 19, gia ya pili ikiwa kwenye mizunguko 4,500 unakwenda takriban kilomita 77 kwa saa, na gia ya tatu takriban 107. Ukitaka kuifikisha 981 kwenye mizunguko 7,400 kwa gia ya pili tu, unakaribia kilomita 127 kwa saa. Mtaani hufiki huko, na hupaswi kufika. Ndiyo maana 981 ilionekana ya kawaida: hukuwahi kuingia sehemu yake. 718, kwa upande wake, ilikuwa ndani ya sehemu yake bora tangu ulipotoka getini.

Kwa hiyo jaribio lako lipangwe ili kila injini ipate nafasi ya kujieleza. Omba saa moja kwa kila gari, siku moja, njia moja: kipande cha mjini, kipande chenye kona, na kipande cha barabara kuu inayoruhusu kilomita 120 kwa saa. Anza na 981, kisha 718, kisha urudi kwenye 981 hata kwa dakika ishirini. Safari ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa. Ukitoka kwenye gari lenye turbo na kurudi kwenye lisilo na turbo, mara ya kwanza utaliona zito. Baada ya dakika kumi utajua kama unachokosa ni nguvu yenyewe au ni uvivu wa kupangua gia. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na safari moja haiwezi kuyatenganisha.

Kabla ya kuondoka, sawazisha magari. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi na uweke kama kibandiko cha gari kinavyosema, kwa sababu gari lililokaa uani muda mrefu huwa na upepo wowote ule. Soma tarehe ya kutengenezwa tairi: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la miaka minane lenye kashata nzuri bado ni tairi gumu, na litakufanya uulaumu usukani bure. Angalia pia kama yana alama ya N pembeni (N0, N1 na kuendelea), ambayo ni idhini ya Porsche, na kama aina ya mbele na ya nyuma ni moja. Mafuta yawe ya oktani ileile kwenye magari yote mawili. Injini hizi zimepangwa kwa oktani 98. Ukitia 95 kompyuta huchelewesha cheche ili kuzuia injini kugonga, na nguvu hushuka.

Andika vifaa vya ziada vya kila gari, maana hapa ndipo ulinganisho mwingi huharibika. Je, yote mawili yana ekzosi ya spoti? Yana shokabsoba za PASM, zinazojirekebisha ugumu kwa kompyuta? Yana kifurushi cha Sport Chrono, kinacholeta hali ya Sport Plus? Ukiijaribu 981 yenye ekzosi ya spoti dhidi ya 718 yenye ekzosi ya kawaida, utakuwa unalinganisha sailensa. Na kama gari moja lina rimu za inchi 20 na jingine 19, ugumu wa safari utakaouhisi hautoki kwenye kizazi cha gari.

Washa injini ikiwa baridi kabisa, na mwombe muuzaji asiipashe kabla hujafika. Sikiliza sekunde thelathini za mwanzo. Magari yote mawili hupandisha mizunguko kidogo yakiwashwa baridi, na 718 huwa na mlio mkavu wa kukoroma ambao si ubovu. Kisichotakiwa ni kugongagonga kunakoendelea mizunguko ikishashuka na kutulia, au moshi wa bluu unaodumu. Moshi kidogo wa sekunde chache kwenye injini za silinda zilizolala si ajabu, kwa sababu oili hubaki kwenye silinda gari likiwa limesimama.

Kisha subiri oili. Maji hupata joto mapema na kukudanganya. Tafuta joto la oili kwenye skrini ya dashibodi, na usivuke mizunguko 4,000 hadi lifike nyuzi 90 hivi. Kwenye 718 jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mhimili wa turbo unazunguka kwa kasi kubwa mno juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo. Muuzaji anayekuhimiza ukanyage injini ikiwa baridi amekuonyesha namna gari hilo lilivyokuwa likiendeshwa.

Jaribio la kwanza ni la turbo yenyewe. Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na gari nyuma. Weka gia ya tatu, shikilia mizunguko 2,000, yaani karibu kilomita 48 kwa saa, kwa sekunde tano bila kubadilisha mguu. Halafu kanyaga mafuta hadi sakafuni kwa mkupuo mmoja. 981 itajibu papo hapo, lakini kwa nguvu ndogo inayokua sawasawa na mizunguko. 718 itafanya kidogo kwanza, kisha mgongo wako utasukumwa kwenye kiti.

Hapo utajiuliza: si walisema Nm 420 zinapatikana kuanzia mizunguko 1,900? Zinapatikana, ila mchoro wa torki hupimwa injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko hiyo, pedeli iko chini na turbo imeshashika kasi. Barabarani unaanza na turbo inayozunguka polepole, na moshi wa injini unahitaji muda kuisukuma. Muda huo mchoro hauuonyeshi. Kwenye 718 S umepunguzwa na turbo ya VTG, yenye mapanga madogo yanayobana njia ya moshi mizunguko ikiwa chini ili upite kwa kasi, na kuifungua mizunguko ikipanda. Porsche walianza kuitumia kwenye 911 Turbo ya mwaka 2006. 718 ya kawaida ya lita 2.0, yenye nguvu za farasi 300, haina mapanga hayo, kwa hiyo usitumie uzoefu wa rafiki mwenye lita 2.0 kuihukumu S, wala kinyume chake.

Rudia kwenye mizunguko 3,500, karibu kilomita 84 kwa saa kwa gia hiyohiyo. Sasa kuchelewa kunapaswa kuwa kumekwisha karibu kote. Ikiwa bado unasubiri, au nguvu inakuja kwa kushtukashtuka, usiseme ndivyo turbo zilivyo. Huo ni ubovu: hosi inayovuja shinikizo, mapanga ya VTG yaliyokwama kwa masizi, vali ya kupunguza shinikizo iliyochoka, au plagi na koili zinazoshindwa kuwasha mchanganyiko uliobanwa zaidi. Kwenye injini ya turbo plagi iliyokwisha huonekana kwanza hapa, ukikanyaga sana kwenye mizunguko ya kati. Mtaani gari litaonekana zima.

Jaribio la pili ndilo ningelisisitiza kuliko yote. Kwenye barabara kuu, pima muda wa kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa mara mbili: kwanza kwa gia ya nne, kisha kwa gia ya pili. Abiria arekodi mita ya kasi kwa simu na muda uhesabiwe baadaye kwenye video; dereva asishike kitu kingine zaidi ya usukani. Fanya mara tatu kila upande wa barabara ili mteremko usikudanganye, na chukua matokeo ya katikati.

Kwa gia ya nne, kasi hizo ni mizunguko kati ya 2,700 na 4,000 hivi, ndani kabisa ya uwanja wa 718, na itaiacha 981 kwa tofauti unayoiona bila saa. Kwa gia ya pili ni kati ya 4,600 na 7,000. Sasa 981 imeamka. 718 bado ina nguvu zaidi na itatangulia, ingawa ina uzito wa kilo 35 zaidi, lakini pengo litakuwa dogo. Utahisi pia tofauti ya tabia: 981 inazidi kuchangamka kadiri sindano inavyopanda, na inakushawishi uendelee hadi juu, 718 ikipita mizunguko 6,500 imeshatoa ilichonacho, na kuibana hadi mwisho ni kelele bila faida. Badilisha gia mapema kidogo na itakuwa na kasi ileile au zaidi. Dereva aliyetoka 981 karibu kila mara huiendesha 718 kwa mizunguko mingi mno, kisha anasema injini haina pumzi.

Ukishapata namba hizo nne, jiulize swali la kweli: ninapotaka kupita lori, je, nitakubali kushuka gia mbili kila mara? Kwa 981 jibu lazima liwe ndiyo, na liwe kwa furaha. Asiyependa kupangua gia hatafurahia injini ile hata kama mlio wake unamsisimua.

Jaribio la tatu ni la kona, na linahitaji upole. Ingia kona ndefu unayoiona hadi mwisho, gia ya tatu, mizunguko karibu 3,000, mfumo wa PSM (unaozuia gari lisiteleze) ukiwa umewashwa. Shikilia mafuta kidogo, yaachie kwa muda mfupi, kisha kanyaga tena nusu. Kwenye 981 nusu ya pedeli ni nusu ya nguvu, na inafika mguu unapofika. Unaweza kulisahihisha gari ndani ya kona kwa kidole gumba cha mguu. Kwenye 718 nusu ileile ya pedeli hutoa kidogo mwanzo na kikubwa muda mfupi baadaye, shinikizo likijaa. Utajifunza kukanyaga mapema kidogo, na wenye mazoea hufanya hivyo bila kufikiri, lakini ni ujuzi wa ziada unaodaiwa nawe.

Rudia kona hiyo ukiwa kwenye hali ya Sport. Porsche waliweka ujanja mzuri hapa: ukiachia mafuta kwa muda mfupi, mlango wa hewa unabaki wazi na kinachokatwa ni mafuta tu, hivyo hewa inaendelea kupita na shinikizo haliporomoki lote. Tofauti kati ya hali ya kawaida na Sport ni kubwa kwenye 718 kuliko kwenye 981, kwa hiyo ukiijaribu kwa hali ya kawaida pekee unaionea. Epuka Sport Plus katika majaribio ya mwanzo ikiwa gari lina Sport Chrono: hupandisha mizunguko yenyewe unapoteremsha gia, nawe hutajua kama pedeli zimekaa vizuri kwa mguu wako.

Usukani na breki nitavipitia upesi kwa sababu hapa jibu ni rahisi. Usukani wa 718 una kasi zaidi kwa asilimia 10, na kwenye S breki za mbele zina diski nene zaidi na kalipa zenye asili ya 911 Carrera. Chasisi ya 718 ni bora, na ubora huo utauhisi kona ya kwanza. Tatizo ni kwamba watu huichanganya chasisi na injini: wanatoka kwenye 718 wakisema injini ni nzuri, kumbe kilichowapendeza ni jinsi pua inavyogeuka. Andika maoni ya injini na ya chasisi kwenye kurasa mbili tofauti.

Kuhusu mlio, haujakosea. Silinda sita huwaka mara moja kila nyuzi 120 za mzunguko wa fimbo kuu, silinda nne kila nyuzi 180, na turbo iliyo njiani humeza sehemu ya sauti. Hakuna ekzosi itakayogeuza nne kuwa sita. Usiupime mlio kwa kukanyaga, hata hivyo, kwa sababu hapo kila gari la spoti hupendeza kwa sekunde chache. Upime mahali utakapoishi nao: gia ya sita, kilomita 110 kwa saa, dakika kumi mfululizo, ekzosi ya spoti ikiwa imefungwa na kisha ikiwa wazi. 718 huwa na mvumo mzito katika mwendo huo ambao wengine hawausikii na wengine huwaumiza kichwa. Wewe ni wa kundi lipi utajua baada ya dakika hizo kumi. Simama pia nje mtu mwingine akipita na gari hilo mbele yako, maana ndani ya 981 sehemu ya mlio huletwa makusudi na kifaa kinachopitisha sauti ya hewa kuelekea kwa dereva.

Jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo 981 iliyo kwenye mita 1,700 inafanya kazi kwa nguvu za farasi 270 hivi. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Ukiishi nyanda za juu, pengo utakalolipima kati ya magari haya litakuwa pana kuliko namba za kiwandani zinavyoonyesha, na hilo ni jambo halali la kuipendelea 718. Joto nalo hufanya kinyume: hewa iliyobanwa hupata moto, na ukirudia kukanyaga mara nyingi mfululizo siku ya jua, 718 hupunguza nguvu kidogo kujilinda. Acha dakika chache za mwendo wa kawaida kati ya jaribio na jaribio, la sivyo la tatu litakuwa la gari jingine.

Ukimaliza, usiizime 718 papo hapo. Endesha dakika mbili tatu kwa utulivu kabla ya kuegesha ili oili iondoe joto kwenye turbo. Kisha acha magari yote mawili yakae nusu saa na uchungulie chini. Harufu tamu au alama za maji yaliyokauka huashiria pampu ya maji, kifaa cha kukaguliwa kwa makini hasa kwenye 981. Oili isomwe kwenye dashibodi, gari likiwa sawa na injini ikiwa na joto, kwa sababu hakuna kijiti cha kupimia.

Na kwa kuwa yote ni ya gia ya mkono, kabla ya kutoa hata malipo ya awali dai ripoti ya mizunguko iliyopita kiasi, yaani kumbukumbu ya kompyuta ya mara ambazo injini ilifikishwa kwenye kikomo chake au kukipita. Fundi mwenye mashine ya Porsche anaisoma kwa dakika chache. Imegawanywa katika safu sita za mizunguko, kutoka chini kwenda juu. Safu za chini hujazwa na kukanyaga hadi kikomo tu, na si hoja. Safu ya 4 hadi ya 6 ndizo za kutisha, kwani kompyuta hukata mafuta kabla ya kufika huko. Gari hufikishwa huko na mtu aliyetaka gia ya nne akaingiza ya pili. Ripoti huonyesha pia tukio lilitokea injini ikiwa na saa ngapi za kazi. Tukio moja dogo la saa mia nyingi zilizopita, gari likiwa limeendelea vizuri tangu hapo, linazungumzika. Matukio ya karibuni kwenye safu ya 5 au 6 ni sababu ya kuondoka, hata kama gari lenyewe ndilo lililoshinda majaribio yote.

Kwa maelezo uliyotoa, yaani nguvu ya kwenye mizunguko ya chini ilikupendeza na mlio haukukuvutia, 718 itakufaa ikiwa mvumo wa barabara kuu hautakusumbua na ikiwa safari zako nyingi ni za mjini na za kupita magari. Ikiwa utarudi kwenye 981 mara ya pili ukajikuta unatafuta sababu ya kushuka gia, nunua hiyo. Porsche wenyewe walirudisha silinda sita zisizo na turbo kwenye 718 GTS 4.0 ya mwaka 2020, yenye nguvu za farasi 400, na ukiliona gari hilo ndani ya uwezo wako lijaribu kabla ya kusaini popote.